Anayekaa Upande wa Kichwa

Kiswahili kina maneno matatu kwa jambo ambalo vitabu vyetu vya chuo hulipa jina moja refu. La kwanza ni ganzi. Mguu ulioukalia vibaya hufa ganzi, na sindano ya daktari wa meno huleta ganzi. La pili ni usingizi: tunasema dawa ya usingizi, na hospitalini yuko mtaalamu wa usingizi. La tatu hulisikia zaidi kwa watu wazima wakisimulia habari za wodini: nusukaputi. Fulani alipigwa nusukaputi, akapasuliwa, akaamka jioni hajui kilichopita.

Wanaofuatilia asili ya maneno huihusisha kaputi na kaputt ya Kijerumani, yaani kilichoharibika, kilichokwisha. Hapa Morogoro reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1907, na mwezi Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yakauchukua mji. Reli ikabaki, na neno nalo likabaki vinywani mwa watu ambao hawakuwahi kumwona Mjerumani.

Nasomea shahada ya uzamili katika tiba ya wanyama, na katika maneno hayo matatu ninalolipenda ni hilo la mwisho. Usingizi ni neno la upole, lakini linaficha mambo. Mbuzi aliyelala ukimfinya anaamka. Pua ikizibwa na majani anageuza shingo. Mate yakimjaa anameza. Mbuzi aliyepewa dawa hafanyi hata kimoja kati ya hivyo, na wala hakuombi umfanyie. Amevushwa nusu ya njia kati ya kuwa macho na kufa, na lazima awepo mtu anayejua, dakika baada ya dakika, amefika wapi. Huyo ni mtu anayekaa upande wa kichwa. Historia ya dawa hizi imeandikwa mara nyingi kwa majina ya waliozigundua. Yeye ameandikwa kwa nadra.

Wanyama ndio waliotangulia. Mwaka 1824 daktari kijana wa Kiingereza, Henry Hill Hickman, alichapisha kijitabu kuhusu majaribio aliyoyafanya kwa wanyama, wakiwemo watoto wa mbwa. Aliwavutisha kabonidayoksaidi mpaka wakapoteza fahamu, akawakata, akatazama kama wanaonyesha maumivu, kisha akasubiri wazinduke. Hali hiyo aliipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "uhai uliosimamishwa". Leo tunajua kwamba walikuwa wakikosa hewa, na walioamka waliamka kwa sababu aliwarudisha kwa wakati. Wakubwa wa udaktari hawakumjali. Alifariki mwaka 1830 akiwa na miaka 30. Miaka 16 baadaye, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari wa Boston, na dunia ikaihesabu siku hiyo kuwa mwanzo. Mwaka 1847 James Young Simpson akaleta klorofomu huko Edinburgh.

Klorofomu ilikuwa tamu kuinusa na haraka kufanya kazi. Januari 28, 1848, karibu na mji wa Newcastle, binti wa miaka 15 aliyeitwa Hannah Greener alivutishwa klorofomu ili aondolewe ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa ndani ya dakika chache. Hakuwa na jeraha la vita wala uvimbe wa kutisha. Ni ukucha tu. Tangu hapo kila mwenye kufikiri alilazimika kukubali kwamba dawa inayoondoa maumivu inaweza kumwondoa na mwenye maumivu, na kwamba upasuaji mdogo hauifanyi kuwa dawa ndogo.

Mwingereza John Snow alikwisha kuanza kuigawanya safari hiyo. Mwaka 1847 aliandika kwamba mtu anayevuta etha hushuka kwa daraja 5, na kila daraja lina dalili zake: anavyojibu, macho yanavyozunguka, pumzi inavyobadilika. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 1894, wanafunzi wawili wa udaktari huko Boston, Ernest Codman na Harvey Cushing, walianza kuandika mapigo ya moyo na pumzi za wagonjwa kwenye karatasi, hatua kwa hatua, wakati upasuaji ukiendelea. Cushing alikuwa amekwisha kuona mgonjwa akifia mikononi mwake huku yeye ndiye anayempa etha. Watu hutaja kazi kubwa ya Cushing ya upasuaji wa ubongo. Mimi humkumbuka zaidi kwa ile karatasi, kwa sababu ilibuniwa na wanafunzi, watu wa chini kabisa chumbani, waliopewa kazi ya upande wa kichwa kwa kuwa hakuna mkubwa aliyeitaka.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliipeleka karatasi hiyo ukutani. Huko Ufaransa Mmarekani Arthur Guedel alikuwa na majeruhi wengi na wataalamu wachache. Akawafundisha wauguzi na wahudumu kutoa etha, akawachorea dalili katika mchoro mmoja: jicho, mboni, kope, pumzi. Yeye akawa anazunguka kwa pikipiki kutoka hospitali moja hadi nyingine kuwakagua. Mchoro huo aliuchapisha mwaka 1920, na vizazi vya madaktari wa watu na wa wanyama vikasomea humo.

Wakati huo mnyama wa kawaida alikuwa bado wa kamba. Vitabu vya zamani vya tiba ya mifugo vina kurasa nyingi za mafundo kuliko za dawa: namna ya kuzungusha kamba shingoni, kifuani na kiunoni mwa ng'ombe, kisha kuvuta kutoka nyuma mpaka apige magoti na kulala. Wafugaji wetu wanaijua kazi hiyo bila kitabu. Dume linalazwa, burdizo linabana mishipa, linafunguliwa, limekwisha. Uingereza yenyewe, pamoja na klorofomu yake, ilingoja mpaka mwaka 1919 kupata sheria iliyolazimisha dawa ya usingizi au ganzi katika baadhi ya operesheni za wanyama.

Kamba ilikuwa na ukweli mmoja: haikumdanganya mtu. Ng'ombe aliyefungwa huku anakatwa alilia, na kila aliyekuwepo alijua anaumia. Udanganyifu ulikuja na dawa za kupoozesha misuli. Katikati ya karne ya 20 madaktari wa mifugo walipata sindano iliyomwangusha farasi ndani ya dakika moja, akatulia kama gogo. Haikugusa ubongo. Farasi alisikia, aliona, aliumia; alichokosa ni uwezo wa kusogeza hata ukope. Dawa za jamii hiyohiyo zilipakiwa pia katika mishale ya kwanza ya kukamatia wanyamapori, na kwa kuwa misuli ya kupumulia nayo ni misuli, kipimo kikizidi kidogo mnyama alikufa akiwa na fahamu zake zote.

Hapo ndipo somo letu lina mzizi wake. Ukimya wa mnyama hauthibitishi kwamba haumii. Aliyefungwa, aliyepooza, aliyelewa dawa na aliyepoteza fahamu wote wanaweza kulala chini kwa namna moja, na anayepita mbali hawezi kuwatofautisha. Anayeweza ni aliyeketi karibu, mkono wake ukiwa juu ya mshipa.

Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika habari hii, na ulianza porini. Mwaka 1960 wanakemia wa Uingereza walitengeneza etofini, dawa ya jamii ya mofini yenye nguvu mara elfu na zaidi ya mofini yenyewe. Miongoni mwa waliofanya kazi ya kuijaribu kwa wanyama wakubwa wa Afrika alikuwa Antonie Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefundisha na kutafiti Uganda na Kenya. Yeye na mkewe Sue ndio walioipa Marekani wazo la kipindi cha televisheni kilichoonyeshwa kuanzia mwaka 1966 hadi 1969, na jina lake lilikuwa Kiswahili kitupu: Daktari. Watazamaji waliona simba na magari ya porini. Kazi yenyewe ilikuwa ya hesabu: uzito wa kifaru usiopimika kwa mizani, dawa inayotosha kwenye ncha ya bomba la sindano, na muda tangu mshale ulipoingia.

Etofini ilibadilisha mambo mawili. Kwanza ilikuja na dawa ya kuitengua, kwa hiyo mnyama aliyeangushwa aliweza kusimamishwa tena kwa sindano nyingine ndani ya dakika chache, badala ya kuachwa porini akipepesuka mbele ya fisi. Pili, ilimfanya daktari mwenyewe awe mgonjwa mtarajiwa. Tone lake likiingia mwilini mwa mtu, kwa mchubuko au jichoni, linaweza kumuua. Ndiyo maana anayepakia mshale hafanyi hivyo peke yake. Mwenzake husimama karibu na dawa ya kumwokolea, akimwangalia uso.

Kwa ndovu, kukaa upande wa kichwa ni kazi ya nguvu. Mapafu ya ndovu yameshikana na ukuta wa kifua, hayana ile nafasi tuliyo nayo sisi, kwa hiyo kifua chake lazima kiweze kutanuka. Akiangukia kifua uzito wake wenyewe unamsonga, na watu wana dakika chache za kumsukuma alale ubavu. Kisha mkonga hunyooshwa, na tundu zake huwekwa wazi kwa kijiti ili zisijifunge. Mmoja huweka kiganja kwenye ncha na kuhesabu pumzi, ambazo ni chache kwa dakika na kila moja ni ndefu. Mwingine hugusa mshipa nyuma ya sikio na kulimwagia sikio maji, maana hapo ndipo ndovu hupozea damu yake. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko katika mkoa wetu huuhuu, na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake. Abiria wa basi huwaona ndovu dirishani na kupiga picha. Mwanafunzi wa fani yangu akiwaona huanza kujiuliza angesimama wapi.

Darasa letu lilichelewa kufika Morogoro. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, tangu 1963 hadi 1970, tiba ya mifugo kwa nchi zote tatu ilifundishwa Kabete, pembeni mwa Nairobi, na Mtanzania aliyetaka kuwa daktari wa mifugo alipanda basi kwenda huko. Morogoro kilikuwepo chuo cha kilimo tangu 1965, kilichogeuka kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Tiba ya mifugo iliongezwa mwaka 1976. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Aprili 12, 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli, alifariki kwa ajali ya gari katika mkoa huu wa Morogoro. Julai mwaka huohuo kitivo kikawa chuo kikuu kamili kikapewa jina lake. Kwa nchi yenye ng'ombe wengi kama yetu, jina hilo lilikaa mahali pake.

Ng'ombe ndiye mgonjwa aliyetufundisha unyenyekevu. Dawa nyingi tunazozitumia zilipangiwa kwanza mtu, mbwa au farasi, na ng'ombe hafanani na yeyote kati yao. Tumbo lake kubwa linachachua chakula usiku na mchana na kutoa gesi, ambayo huitoa kwa kubeua. Mlaze ubavu, na kubeua kunakwama. Tumbo linafura, linasukuma kiwambo, mapafu yanakosa nafasi. Mpe dawa ilegeze koo, na majani ya tumboni yanarudi mdomoni yakitafuta njia ya mapafu. Mate nayo hayakomi. Ndiyo maana ng'ombe mkubwa hunyimwa chakula kwa siku nzima au zaidi kabla ya kulazwa, na ndiyo maana, kila inapowezekana, tunamwacha asimame na kumchoma sindano ya ganzi ubavuni, tumpasue akiwa macho anacheua.

Na dawa zenyewe zina siri zao. Zailazini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1962, ikajulikana kama tulizo zuri la wanyama. Ng'ombe anahitaji takriban sehemu 1 ya 10 ya kipimo cha farasi. Anayebeba hesabu ya farasi na kuipeleka kwenye zizi la ng'ombe atakuwa ameua. Ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka huohuo wa 1962, iliuvuruga mchoro wa Guedel. Mnyama aliyepewa ketamini hafumbi macho. Anatazama, ulimi unacheza, anaweza kumeza, na bado hasikii kisu. Zile dalili za kope na mboni zilizokuwa zikisomwa ukutani hazikutosha tena. Ikabidi watu warudi kwenye mambo ya kale kuliko mchoro: mapigo, pumzi, rangi ya ufizi, joto la mwili.

Pamoja na hayo kuna dalili moja ya ng'ombe ambayo nikiieleza nyumbani wananisikiliza. Ukimpa dawa ya kuvuta, jicho lake huanza katikati, kama letu. Anavyozidi kuzama, jicho linageuka taratibu kuelekea chini, mpaka mboni inajificha nyuma ya kope la chini na wewe unaona weupe. Hapo ndipo unapoweza kukata. Akizama zaidi ya hapo, jicho linarudi katikati. Maana yake jicho lililo katikati lina habari mbili zinazopingana: ama ng'ombe anakaribia kuamka, au anakaribia kufa. Ukilitazama mara moja kisha ukaondoka, huwezi kujua ni ipi. Inakubidi uwe umekaa hapo tangu mwanzo, ukaliona linashuka, ukaliona linapanda, ukagusa ukope uone kama unapepesa.

Kwa mbuzi hesabu zinakuwa ndogo na za kutisha zaidi. Miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe waliletwa kupitia chuo chetu, na walikuja kukubalika sana Mgeta, juu katika safu za Uluguru, ambako kuna baridi na mashamba yamelala kwenye miteremko. Kule ng'ombe angeporomoka. Mbuzi anakaa bandani juu ya nguzo, analetewa majani, anatoa maziwa. Mtoto wa mbuzi huyo akiwa na siku chache huchomwa vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto. Ganzi ya kawaida, lignokeini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943, na chupa yetu ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Mbuzi wa kilo 3 hatakiwi kuzidishiwa takriban miligramu 15. Hiyo ni robo tatu ya mililita, na lazima igawanywe sehemu 4, kwa sababu kila pembe ya mbuzi ina neva mbili za kuzimwa. Mtoto wa mbuzi akidegedeka mbele ya mwenye nyumba, lawama zitaiendea dawa. Kumbe dawa haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni maji ya kuizimulia na mtu wa kupiga hesabu.

Nimekaa upande wa kichwa kule Nyandira, asubuhi ya ukungu, mbele ya banda la bibi mmoja. Jike lake lilikuwa limechanika chuchu kwenye msumari. Mwalimu wetu alikuwa amepiga ganzi kuizunguka chuchu na kumpa mnyama tulizo kidogo sana. Kazi yangu ilikuwa kichwa. Nilihitaji kitu cha kuinua shingo ili mdomo uelekee chini, mate yatiririke nje badala ya kurudi kooni, na bibi akavua khanga ya mabegani akaikunja mwenyewe. Nikaweka vidole kwenye mshipa ndani ya paja, saa ikiwa magotini. Tulipokuwa kwenye mshono wa tatu bibi akainama.

"Mwanangu, huyu amelala au amekufa?"

"Hajafa, bibi. Mapigo 84."

"Na maumivu je?"

Nilimwambia hayapo pale kwenye chuchu, na kwamba nikiona masikio yanakaza au pumzi inakatika nitasema tusimame. Akauliza kama nitabaki mpaka anyanyuke. Nikamwambia nitabaki. Akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa kichwa, akaanza kuhesabu pumzi pamoja nami kwa sauti, ubavu ukipanda na kushuka. Tulimfunika mbuzi gunia, kwa maana mnyama aliyetulizwa hawezi kujipasha joto, na baridi ya Mgeta haina huruma. Yule mbuzi ndiye aliyekuwa akimlipia mjukuu mahitaji ya shule. Bibi hakuwa na haja ya kuelezwa kwa nini mtu akae pale. Alichotaka kujua ni kama mtu huyo ataondoka.

Swali lake ni zito kuliko nilivyolichukulia siku ile, na takwimu zinamuunga mkono. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza, uliofuatilia mbwa 98,036 na paka 79,178 waliopewa tulizo au dawa ya usingizi. Vifo vilivyotokana na dawa vilikuwa kama 17 kwa kila mbwa 10,000 na 24 kwa kila paka 10,000. Kwa sungura vilikuwa 139. Kwa farasi uchunguzi mwingine, wa mwaka 2002, ulikuwa umekuta karibu 1 kati ya 100, hata ukiwaondoa waliopasuliwa kwa msokoto wa tumbo. Lakini kilichowashtua wengi ni saa ya kifo. Karibu nusu ya vifo vya mbwa, na zaidi ya nusu ya vifo vya paka na sungura, vilitokea baada ya upasuaji, na vingi vyao ndani ya saa 3 za kwanza. Yaani nyuzi zimekwisha kukatwa, glavu zimevuliwa, taa imezimwa, watu wamekwenda kunywa chai. Mnyama amebaki na dawa mwilini, na kiti cha upande wa kichwa kiko wazi.

Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba paka waliofuatiliwa mapigo na oksijeni ya damu walikuwa katika hatari ndogo zaidi. Kifaa cha kupima oksijeni kwa mwanga, oksimita, kilitokana na wazo la mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi miaka ya mwanzo ya 1970, na sasa kipo cha kubana kidoleni kinachotoshea mfukoni. Mnyama hana kidole cha kubana. Tunakibana kwenye ulimi, na ulimi ukikauka au damu ikipungua hapo, namba zinapotea au zinadanganya. Ngozi nyeusi na manyoya navyo vinakisumbua. Kifaa kikilia, mtu wa kwanza kuulizwa ni yuleyule mwenye vidole kwenye mshipa: je, ni mnyama au ni waya?

Kadiri mwili unavyopungua ndivyo muda wa kujiuliza unavyopungua. Hapahapa Morogoro, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa hapa mwaka 2013 na kupewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikuwa na kilo 1.2 tu. Panya wa uzito huo hupoteza joto upesi kuliko mbuzi. Anapolazwa kwa dawa, meza ya chuma yenyewe ni hatari, na tone la dawa ni kipimo kizima. Kati ya panya huyo na ndovu wa Mikumi kuna mwendo wa saa chache kwa basi. Dawa zinatofautiana, vipimo vinatofautiana, vifaa vinatofautiana. Kinachofanana ni mtu mmoja asiye na kazi nyingine.

Na huyo ndiye wa kwanza kuondolewa watu wanapokuwa wachache. Nimepita katika vituo vya tiba ambako daktari ni mmoja na msaidizi ni mmoja. Msaidizi huyo hushika kichwa, huenda kuleta uzi, hupokea simu, hufungua geti. Hakuna anayemnyima mnyama dawa, wala hakuna ukatili. Ila akiondoka kwenda kwenye geti, kwa dakika hizo hakuna anayejua mnyama yuko nusu ipi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na tangu 2003 ina sheria ya kusimamia taaluma yetu. Sheria inaweza kuagiza mnyama asitesewe. Haiwezi kuketi kwenye kigoda.

Bei za dawa hatuzipangi sisi, wala mashine hatuzitengenezi. Lakini wanafunzi wawili wa Boston walianza na karatasi, kalamu na vidole, na wale wahudumu wa Guedel walianza na mchoro wa ukutani. Daftari la shule, saa yenye mshale wa sekunde na kipimajoto vinapatikana hata Nyandira. Mistari minne kila baada ya dakika 5: mapigo, pumzi, ufizi, joto. Na mstari wa tano, ambao kwenye fomu nyingi hauna nafasi na inabidi uuchore mwenyewe kwa kalamu: saa ngapi amesimama kwa miguu yake, na nani alikuwepo.